Tenshena ya Legacy yangu imegoma kukaa kwenye injini ya mtumba

MamaHotpoti – Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba mwenye kuzijua Subaru anijibu leo leo, kabla fundi hajawasha grainda kesho asubuhi.

Gari ni Legacy wagoni, BG5, ya Agosti 1997. Injini ni EJ20 isiyo na tabo, kemu (shafti inayofungua valvu) moja kila upande, gia za mkono. Namba A, yaani usajili wa zamani, msinicheke. Ndiyo inayobeba riziki yangu: saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka Tabata Kimanga na hotpoti kumi na mbili za chapati, supu na maharage, nazishusha kwenye ofisi tano za Posta. Wiki tatu zilizopita ilichemsha Buguruni kwenye foleni. Niliona mshale umepanda, nikafikiria supu ya watu, nikaendelea nayo hadi Mnazi Mmoja. Ndiyo, najua. Mume wangu ananikumbusha kila tukikaa kula, nyie pumzikeni.

Hedi zote mbili zimepinda na silinda moja imekwaruzika. Fundi akasema hela ya kuitengeneza inanunua injini nyingine na chenji inabaki. Nikazunguka Ilala siku mbili, nikapata EJ20 ya mtumba kutoka Japani. Muuzaji anasema ilitoka kwenye Legacy ya 1994 yenye gia otomatiki. Milioni moja na laki moja, bila stata wala oltaneta. Nikasisitiza tuifungue mbele ikiwa bado iko chini, tuweke mkanda wa taimingi (ule unaounganisha krenki na kemu) mpya, pampu ya maji mpya na sili mpya, kwa sababu mkanda wa mtumba hauna wa kukuapia umetembea kilometa ngapi.

Kava zilipotoka ndipo tukakuta kituko. Tenshena yake, yaani kile kinachoukaza mkanda, siyo kama yangu. Yangu ni kitu kimoja: puli, mkono wake na kisilinda cha mafuta vimeungana, kimelala, kinashikwa na bolti moja. Hii ya mtumba ni vipande viwili: kisilinda kimesimama peke yake kwa bolti mbili, na puli iko pembeni na bolti yake. Na kisilinda chenyewe kimelowa mafuta. Ukikandamiza ile fimbo kwa kiganja inazama taratibu kama kijiko kwenye uji.

Yangu ni nzima, niliibadilisha Machi mwaka jana, risiti ninayo. Nikasema basi tuihamishe. Fundi akaiweka, haikai. Tundu la bolti halipo linapotakiwa kuwepo. Akanipa njia mbili: atoboe tundu jipya na kupunguza nyama kidogo kwa grainda, au aweke washa (kile kisahani cha chuma cha bolti) nyuma ya kile kisilinda kinachovuja "ili kisukume zaidi". Ni kijana mwema na mikono yake ni mizuri, ila ana haraka. Mimi ufundi sijasomea, lakini nimechoma chapati miaka kumi na tisa, na mtu akianza kusema "tutaibana tu" huwa nasogeza kiti karibu.

Nauliza: tenshena ya kitu kimoja inaweza kuhamia kwenye injini yenye ya vipande viwili? Kama inaweza, tunakosa nini? Na mkanda ninunue wa injini ipi?

Natanguliza shukrani.

Kijiwe_Tazara – Jumanne, saa 3:52 usiku

Mama, dawa ya Subaru ni moja tu. Iuze, nunua Toyota IST, ulale.

MamaHotpoti – Jumanne, saa 3:58 usiku

IST ya shemeji nimeijaribu. Ziliingia hotpoti saba, ya nane ikamwaga maharage kwenye kiti cha nyuma. Hatusalimiani vizuri tangu Pasaka.

DerevaWaMbezi – Jumanne, saa 4:15 usiku

Washa inawezekana mama. Fundi wangu aliniwekea mwaka juzi kwenye Impreza, gari ilitembea.

FundiBoksa – Jumanne, saa 5:05 usiku

Dada yangu, mwambie huyo kijana aweke grainda chini. Namjibu kwanza wa Mbezi halafu nakuja kwako.

Mkuu, umesema "ilitembea". Sitauliza iko wapi sasa. Kisilinda cha tenshena ndani yake kuna springi na mafuta. Springi inasukuma fimbo nje ili mkanda usilegee, na mafuta yanaizuia fimbo isirudi ndani ghafla mkanda ukishtuka, kwa mfano unapoachia mafuta mguuni na injini inashika gari. Mafuta yakivuja imebaki springi peke yake. Washa inasogeza mahali fimbo inapoanzia, mafuta hairudishi. Siku mkanda ukishtuka fimbo inarudi, mkanda unalegea, meno yanaruka. Bei ya hapo unaijua wewe mwenyewe.

Sasa dada. Tenshena hiyo haifungwi kwenye bloku moja kwa moja. Nyuma yake kuna braketi ya alumini iliyoshikwa na bolti tatu, na hiyo braketi ndiyo Subaru waliyoibadilisha karibu na 1997 walipotoka kwenye tenshena ya vipande viwili kuja kwenye ya kitu kimoja. Bloku haikubadilika, matundu matatu ni yale yale. Kwa hiyo hamuhitaji kutoboa chochote. Mnavua kila kitu cha zamani: kisilinda, puli na braketi ya nyuma. Mnaleta braketi kutoka injini yako iliyokufa, mnaifunga kwa bolti tatu, halafu tenshena yako inakaa juu yake kama ilivyokuwa. Mimi nimeshafanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, EJ20 na EJ22.

Leteni na puli nyingine zote za injini yako kama hazina mlio, mzilinganishe moja moja na za mtumba kabla ya kuzifunga. Zinazolingana, wekeni iliyo nzima zaidi. Mkanda ni ule ule kwa injini zenu mbili, ila usiniamini mimi, mkiwa dukani wekeni mpya juu ya wa zamani mhesabu meno.

Kukaza: bolti za braketi 24.5 Nm, ya tenshena na za puli 39 Nm. Kama hamna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, azimeni. Ile ni alumini. Uzi ukishachomoka mtakuwa mnatafuta fundi wa helikoili, wa kutengeneza uzi upya, badala ya kupika.

Fundi wako hakuiona braketi kwa sababu kwa macho inaonekana kama sehemu ya bloku. Asione aibu, wengi inawapita.

MamaHotpoti – Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Kaka FundiBoksa, Mungu akuweke. Nimeisoma mara tatu, nimemtumia fundi, amekubali. Kasema "aisee kumbe inavuka". Grainda imerudi kwenye boksi.

Kuna tatizo moja. Injini yangu iliyokufa haipo. Tulivua tenshena, stata, oltaneta na vya juu, na juzi jioni vijana wa gereji wakaliuza lililobaki kwa mtu wa chuma chakavu. Limeondoka na guta. Fundi anasema lilielekea Vingunguti. Braketi imekwenda nalo.

Leo nimekodi bajaji kwa ajili ya hotpoti. Nikishashusha Posta naenda Vingunguti.

FundiBoksa – Jumatano, saa 1:45 asubuhi

Nenda na soketi ndefu na ekstensheni. Na ukifika, piga picha namba ya injini kabla ya kitu kingine. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari lako, na ukishafunga hii ya mtumba utatakiwa kubadilisha taarifa TRA, mamlaka ya mapato. Watu wengi wanaisahau mpaka siku ya kuuza gari.

MamaHotpoti – Jumatano, saa 10:30 jioni

Nimerudi. Nina vumbi mpaka kwenye kope, lakini ninayo.

Nilikuta uwanja una injini nyingi kuliko gari ninazoziona Tabata siku nzima. Zimepangana kama magunia ya mkaa, na kijana anayekaa mlangoni hajui Subaru wala Toyota, anajua kilo. Nikamwambia natafuta injini pana iliyolala, fupi, kama kaa. Akacheka akanipeleka nyuma. Ilikuwa chini ya gia boksi ya lori. Niliitambua kwa ile alama ya rangi nyeupe niliyopaka mwenyewe mwaka jana kwenye kava la mafuta, nikaona huruma kidogo, msiniulize kwa nini.

Walinisaidia kuipindua. Bolti mbili za braketi zilitoka vizuri. Ya tatu kichwa kilikuwa kimeliwa, ikabidi waikate kwa tindo. Halafu ikaja biashara. Nikasema hiki ni alumini, pimeni kilo niwalipe. Kijana akaiweka kwenye mizani, haifiki hata nusu kilo. Akaitazama braketi, akanitazama mimi na soketi yangu na kitenge changu, akasema: "Mama, mtu haji na bajaji mpaka huku kutafuta alumini. Hii ni spea." Elfu kumi na tano. Nililipa. Hata mimi ningefanya vile vile.

Sasa nina braketi na bolti mbili, ya tatu nimechukua ya injini ya mtumba. Nimezipima kwa rula ya mwanangu, urefu ni sawasawa na uzi ni mmoja. Ni sahihi?

FundiBoksa – Jumatano, saa 11:10 jioni

Sahihi kabisa, na hongera kwa kupima. Ingekuwa ndefu ingegota chini ya tundu kabla haijabana, ungeona imekaza kumbe braketi inacheza.

Sasa sikilizeni kuhusu tenshena yenyewe. Mlipoivua mliweka pini?

MamaHotpoti – Jumatano, saa 11:25 jioni

Hapana. Fimbo imetoka nje. Fundi anataka kuibana kwenye vaisi usiku huu.

FundiBoksa – Jumatano, saa 11:40 jioni

Aibane, lakini hivi. Isimame wima, isilale ubavuni. Aikaze vaisi polepole, dakika tatu au zaidi, siyo kwa pupa. Ndani mafuta yanapita kwenye njia nyembamba sana, ukiharakisha unapasua sili, halafu mnakuja kusema tenshena ilikuwa mbovu. Tundu la kwenye mwili wa kisilinda na la kwenye fimbo yakikutana, pitisha pini ya milimita 2. Spana ya aleni ya 2 inafaa. Vaisi asiiachie mpaka pini iwe imeingia yote.

Kabla ya hapo ipimeni. Fimbo ikiwa huru inatakiwa itokeze milimita 5.2 mpaka 6.2. Halafu iwekeni wima, mwisukume kwa nguvu ya kilo 30 mara mbili tatu. Haitakiwi kuzama. Unyevu kidogo wa mafuta siyo kesi, mafuta yanayochuruzika ndiyo kesi.

Kijiwe_Tazara – Jumatano, saa 12:05 jioni

Kilo 30 atazijuaje huyo fundi? Au ndiyo kubahatisha?

MamaHotpoti – Jumatano, saa 2:50 usiku

Kijiwe, mimi ninanunua ngano kwa gunia na ninapima mwenyewe. Mizani yangu inafika kilo 50. Tumeisimamisha tenshena juu ya mizani, tukaweka kipande cha mbao kwenye fimbo, fundi akaegemea, mimi nikasoma: ishirini, ishirini na tano, thelathini, shikilia hapo. Mara tatu. Haikuzama hata kidogo. Tukaweka ile ya mtumba kwa kulinganisha, haikufika kilo kumi ikawa imeshazama yote, na mafuta juu ya mizani yangu. Mizani imesafishwa kwa sabuni, wateja wangu mnaosoma humu msihofu.

Fimbo tumepima 5.5.

Vaisi: niliweka simu ihesabu. Dakika tatu ni ndefu sana kwa fundi mwenye haraka. Ni muda wa chapati mbili upande huu na huu. Kila akitaka kuongeza mkono nilikuwa namwambia bado haijaiva. Pini imeingia. Kesho asubuhi tunafunga.

Segerea_Boksa4 – Jumatano, saa 4:20 usiku

Dada, mimi siyo fundi, nina Forester ya gia za mkono na makovu yake. Mambo mawili kabla hamjafunga mkanda.

La kwanza, alama ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kwenye gia ya krenki mbele kuna mshale unaoonekana vizuri kabisa, unakuita. Usiufuate. Huo ni wa kutafuta pistoni namba moja ikiwa juu. Alama ya mkanda iko nyuma ya gia, ni mkwaruzo mdogo kwenye yale meno ya sensa, na inatakiwa iangalie juu kwenye alama ya bloku. Kwenye kemu ni hivyo hivyo, kuna mshale na kuna kistari. Unafuata kistari, kiwe saa sita juu, kikutane na alama ya kava la nyuma. Mimi fundi wangu alifuata mshale. Gari halikuwaka siku nne, tukabadilisha plagi, koili, pampu ya mafuta, tukamwita na fundi umeme, kumbe mshale.

La pili, injini yako mpya imetoka kwenye otomatiki. Gari lako ni la gia za mkono. Kuna kipande kidogo cha chuma kinakaa karibu na gia ya krenki, juu ya mkanda, kinazuia usiruke meno. Kinawekwa kwenye gari za mkono tu. Angalia kama unacho.

FundiBoksa – Jumatano, saa 4:35 usiku

Asante Segerea, hicho nilikuwa nimekisahau na ni cha muhimu. Gari la gia za mkono likiegeshwa mlimani likiwa kwenye gia linaweza kuvuta krenki kinyume, au dereva akiachia klachi vibaya, mkanda unalegea upande usiozoea. Kile kichuma kinaukalisha kwenye meno. Otomatiki hawakiweki.

Na kuhusu alama: krenki ikiwa kwenye ule mkwaruzo wa nyuma pistoni zote nne zimesimama katikati, hakuna iliyo juu. Ndiyo maana ni salama kuzigusa kemu hapo. Ukiwa kwenye mshale mambo ni mengine. Msigeuze kitu kwa kubahatisha.

MamaHotpoti – Jumatano, saa 4:41 usiku

Kile kichuma kilichopinda kama ukucha, kina bolti ndogo?

Nilikiona. Vingunguti. Kilikuwa mbele ya macho yangu nikadhani ni kava limevunjika.

Kijiwe_Tazara – Jumatano, saa 4:44 usiku

😂😂 Mama rudi tu.

MamaHotpoti – Alhamisi, saa 4:15 asubuhi

Naandika nikiwa kwenye daladala, natoka Posta naelekea Vingunguti. Kondakta ananiuliza soketi ya nini.

MamaHotpoti – Alhamisi, saa 9:05 alasiri

Yule kijana wa mlangoni aliponiona alisema, "Mama, si ungeinunua tu injini yote." Wakati huu hakuniuzia, alinipa, kwa sharti nimletee chapati sita na maharage Jumamosi. Nimekubali. Ni bei kubwa kuliko ya jana ukipiga hesabu vizuri, lakini imelipwa kwa heshima.

Nikarudi gereji nikakuta fundi ameshapanga mkanda. Nikamwomba anioneshe alama ya krenki. Akanionesha mshale.

Sikusema kitu. Nilimpa simu asome mwenyewe alichoandika Segerea. Alisoma, akanyamaza, akachukua tochi na kitambaa, akafuta nyuma ya gia, na mkwaruzo ukatokea, umejaa masizi. Akauvua mkanda wote akaanza upya. Pini ilikuwa bado iko kwenye tenshena, kwa hiyo hatukupoteza kitu ila nusu saa. Baadaye aliniambia kwamba tangu aanze kazi amefunga Toyota, Subaru hii ni ya pili, na ya kwanza alimshikia mtu taa tu. Ningependa angeniambia wiki tatu zilizopita, lakini pia ningependa mimi ningesimama pale Buguruni.

Kile kichuma tumekifunga, matundu yake yapo kwenye injini ya mtumba, yalikuwa na uchafu tu. Kikae umbali gani na mkanda? Kwa macho naona kama kinaugusa.

FundiBoksa – Alhamisi, saa 9:30 alasiri

Kisiuguse. Kati ya nusu milimita na moja na nusu, lenga moja. Hamna filagaji, vile vibamba vya kupimia nafasi? Chukua kadi ya benki, unene wake ni milimita 0.76. Kadi moja ipite bila kubanwa, kadi mbili pamoja zigome. Utakuwa mahali salama.

Kisha: hakikisha mkanda umekaa kwenye gia zote na kistari kila kimoja kiko mahali pake, ndipo mvute pini. Tenshena itajisukuma yenyewe, msiisaidie. Zungusheni krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mwendo wa saa, mkono wa kawaida. Ikigoma mahali, simameni hapo hapo, msilazimishe. Mkirudi, alama za gia zote tatu zinatakiwa ziwe zimerudi. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitalingana tena, hiyo ni kawaida, ni ya kufungia tu. Nakwambia mapema kwa sababu hapo ndipo watu wanaingia kiwewe wanafungua upya.

Na stata isiguswe kabla ya hiyo mizunguko miwili.

MamaHotpoti – Alhamisi, saa 1:40 usiku

Kadi moja imepita, mbili zimegoma. Pini tumeivuta saa kumi na moja na dakika ishirini, ikasema "tik" ndogo, mkanda ukakaza. Mizunguko miwili nimezungusha mimi mwenyewe, nilitaka kuisikia kwa mkono. Inakuwa nzito, inalegea, inakuwa nzito, kama kusukuma unga mgumu, lakini haikugoma mahali. Alama zimerudi zote tatu. Mistari ya mkanda imepotea njia kama ulivyosema, na fundi alitaka kushika spana, nikamwonesha ujumbe wako.

Kesho injini inapanda garini.

DerevaWaMbezi – Alhamisi, saa 2:10 usiku

Nimefuatilia uzi wote. Ile Impreza niliyosema ilitembea miezi minne tu. Nimeona nikiri.

MamaHotpoti – Jumapili, saa 12:30 jioni

Imewaka jana saa tisa alasiri, kwenye mara ya pili ya kupiga stata. Ya kwanza ilikuwa ni waya wa sensa haujakaa. Kwenye mbele hakuna mlio, tumeweka bisibisi sikioni kama daktari, kimya. Rejeta mpya, termostati mpya, na mshale wa joto nimeutazama kuliko barabara. Leo asubuhi nimekwenda nayo mtupu hadi Mbagala na kurudi. Chapati sita zilifika Vingunguti jana jioni, nikaongeza mbili.

TRA naenda wiki hii, picha ya namba ya injini ya zamani ninayo na ya mpya ninayo.

Swali la mwisho, kaka. Kwenye kopo la Blue Band ninaloweka bolti zimebaki tano. Fundi anasema zisinisumbue. Zinanisumbua.

FundiBoksa – Jumapili, saa 1:05 usiku

Hesabu pamoja nami. Tenshena ya zamani ilikuwa na mbili za kisilinda, moja ya puli, tatu za braketi. Jumla sita. Umetumia moja kwenye braketi yako badala ya ile iliyokatwa na tindo. Zimebaki tano. Gari lako halijapungukiwa kitu. Zitupe.

MamaHotpoti – Jumapili, saa 1:12 usiku

Sizitupi. Kijana wa Vingunguti ameshanifundisha bei yake.